Nilitaka 2JZ, Mathe Akauliza Maswali

Wasee, wiki hii sina video. Nina maneno tu, na ni mengi, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza Altezza iko wapi. Mara ya mwisho mliiona ikipaa Thika Road usiku, gia ya tatu, mshale ukigusa 7,600, nami nikicheka kama mjinga. Ile video haikuwa na mwisho kwa sababu mwisho niliukata. Mwisho ulikuwa hivi: karibu na Roysambu nilisikia ko-ko-ko kutoka chini, taa ya oili ikawaka, na badala ya kuzima gari nikajiambia, "Acha nifike hapo mbele." Nilifika hapo mbele. Injini haikufika.

Fundi wangu wa Kariobangi Light aliifungua kesho yake. Beringi ya konrodi ilikuwa imezunguka, krankshafti imekwaruzwa vibaya, na ile oili kidogo iliyobaki ilikuwa inang'aa kwa unga wa chuma. Akaniuliza, "Mara ya mwisho kupima oili ni lini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimenunua rimu, sailensa na springi za kushusha gari. Kuvuta ile dipstiki, kitu cha bure kabisa, miezi miwili sikuwa nimevuta. Kwa hivyo msianze kusema Altezza ni gari mbaya. Mbaya nilikuwa mimi.

Sasa, kama hamjui hali yangu ya nyumbani, niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Ndiyo, cheka, hata mimi nacheka. Mathe anauza mitumba Gikomba, na mpaka leo kuna mashangazi ambao hajawaambia. Wakiuliza, anasema "yuko" halafu anabadilisha stori. Mwaka huu zamu yake ya chama ilifika, akapata 250,000. Hizo pesa alikuwa ameziweka kwa ajili ya siku nitakayosema narudi.

Gari ilipokufa, kazi yangu ilikufa nayo. Altezza ndiyo inabeba kamera na taa nikienda kushuti harusi, na ndiyo yenyewe inafanya mtu abonyeze video zangu. Wiki mbili nilikuwa nalala tu. Jioni moja mathe akakaa kitandani kwangu, akasema, "Hizi pesa nilizitunzia chuo. Umesema hurudi, sawa, sitakupigia magoti. Kama gari ndiyo kazi yako, tengeneza kazi. Lakini nikizitoa zimetoka, nyingine hakuna. Na kabla sijazitoa, unielezee unanunua nini."

Nikaenda kuchukua daftari. Nilidhani itachukua dakika tano, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa darasa la nane: 2JZ.

Ngoja niwaelezee vile nilimwelezea, na maswali aliyouliza. Ukitaka kubadilisha injini ya gari yoyote ya Kijapani, si lazima Altezza, haya maswali yatakuokoa.

Kwanza, gari yenyewe. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikashinda tuzo ya gari bora la mwaka huko mara moja. Aliyeongoza kuiunda ni Nobuaki Katayama, mhandisi ambaye alikuwa amefanya kazi hata kwa ile AE86. Yangu ni RS200: injini ya 3S-GE BEAMS, lita 2, silinda nne, kichwa walichokiunda pamoja na Yamaha, na giaboksi ya mkono ya gia sita. Farasi 210, bila turbo. Kwa injini ndogo ya wakati huo, hiyo ilikuwa noma.

Mathe akaandika 210. Ni mfanyabiashara, anapenda namba.

Halafu nikamwambia ukweli ambao vijana wengi wa Nairobi hawapendi kuusikia. Hizo 210 ni za Japani, karibu na bahari. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapumua hewa vile inavyoikuta. Unapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu. Kwa hivyo gari ninayojigamba nayo Thika Road ina farasi kama 175. Ikiteremka Mombasa inazirudisha zote. Turbo ndiyo inasaidia hapa juu, kwa sababu inasukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya kile mlima umekunyima. Hii ndiyo sababu ya maana ya kutaka turbo Nairobi. Ile sauti ya "pshhh" ni ziada tu.

Basi tukaanza.

Ya kwanza, 2JZ-GTE. Lita 3, silinda sita kwa mstari mmoja, turbo mbili, bloki ya chuma kizito. Ndiyo ilikuwa kwa Supra ya miaka ya tisini na kwa Aristo. Kwenye karatasi za Japani iliandikwa farasi 280 kwa sababu watengenezaji wa huko walikuwa na makubaliano ya kutopita hapo, lakini kila mtu anajua hiyo bloki inabeba zaidi ya hapo bila kulalamika. Niliongea dakika kumi. Nilichora. Nilisimama.

Mathe akauliza, "Inaingia vile ilivyo?"

Nikameza mate. Inaingia, lakini si vile ilivyo. Unahitaji vishikizo vya injini vingine. Sampu ya oili lazima uangalie, kwa sababu JZ zingine zina tumbo mbele na zingine nyuma, na tumbo likikaa vibaya linagonga mhimili wa chini. Radieta kubwa. Intakula na bomba zake. Wairingi mpya au kontrolboksi ya kisasa ya kuprogramiwa. Pampu ya petroli. Propela ya kukatwa na kusawazishwa. Na giaboksi: Aristo ya turbo ilitoka na otomatiki pekee, kwa hivyo ukinunua injini yake unapata giaboksi ambayo huitaki. Ile ya mkono ya Supra, ukiipata, bei yake inaweza kuwa gari nzima. Giaboksi yangu ya gia sita haikuundwa kubeba mzigo kama huo, itatema meno.

Mathe alikuwa ameandika kila kitu, kimoja chini ya kingine. Akageuza daftari nione. Injini ilikuwa mstari wa kwanza. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na moja. "Kwa hivyo," akasema, "hii unayoiita injini ni kama kununua gauni la harusi. Bado hujalipa ukumbi."

Ya pili, 1JZ-GTE. Hii ndiyo ningewashauri wengi wenu wenye pesa za kutosha. Lita 2.5, turbo, ilikuwa kwa Mark II, Chaser na Cresta za Tourer V, na kwa Crown Athlete V. Zile za kuanzia 1996 zina VVT-i na turbo moja badala ya mbili, na zinavuta kutoka chini kabisa: torki yote inafika kwenye mizunguko 2,400. BEAMS yangu lazima uisukume mpaka 6,400 ndiyo ikupe torki yake yote, na ikikupa ni kama asilimia 57 tu ya hiyo. Kwa mji wa matuta na msongamano, na kwa hewa nyepesi, 1JZ ina akili.

Mathe akauliza, "Mistari?" Nikasema ni karibu ile ile. Ukitoa ya Crown inakuja na otomatiki, kwa hivyo giaboksi ya R154 utaitafuta peke yake, na wote wanaotaka 1JZ wanaitafuta hiyo hiyo. Akaandika tisa. Nikabishana, tukakubaliana kumi.

Ya tatu, 2JZ-GE. Hii ni lita 3 bila turbo. Watu huidharau, na wanakosea. Toyota wenyewe waliiweka ndani ya bodi hii hii: Lexus IS300, na Altezza Gita AS300, ile yenye mgongo wa wagoni. Hiyo inamaanisha kuna vishikizo, sampu na bomba zilizotoka kiwandani zikilingana na gari. Farasi hazizidi za BEAMS kwa mengi, lakini torki ni kama theluthi moja zaidi na inakuja mapema, na hiyo ndiyo unaisikia mgongoni. Tena baadaye ukipata pesa unaweza kuiongezea turbo polepole. Shida ni kupata iliyotoka kwa hizo gari mbili hasa. Ile ya Crown ya kawaida inakurudisha kwenye mambo ya sampu na wairingi.

Mathe akaandika saba, na akaweka alama ya nyota.

Ya nne, 3S-GTE, ndugu ya BEAMS mwenye turbo, ya Celica GT-Four na Caldina. Kwa jina unafikiri itaingia kama funguo. Kumbe hizo gari zote injini imelala kwa upande, na Altezza imekaa kwa urefu, kwa hivyo bomba za maji, intakula na mahali turbo inakaa vyote vinabadilika. Mistari minane. Nikataja pia V8 ya 1UZ, lita 4. Mathe akauliza inakunywa aje. Nikafunga huo ukurasa mwenyewe.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa, na mimi ndiye mwenye video karibu mia za magari. "Na ukiweka tu ile iliyokuwa?"

Nikacheka. Nikamwambia hiyo si swopu, hiyo ni kutengeneza. Hakuna mtu ataangalia video ya BEAMS kutoka na BEAMS kuingia. Akaniangalia tu. "Nimekuuliza mistari, sijakuuliza watu."

Mistari mitatu. Injini, klachi, majimaji. Vishikizo ni vyangu, wairingi ni yangu, giaboksi ni yangu, propela ni yangu.

Lakini BEAMS ya giaboksi ya mkono siku hizi ni ngumu kupata ikiwa nzima. Altezza iliacha kuundwa 2005. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hivyo RS200 zilizoko ndizo hizo hizo, hakuna zingine zinakuja. Na nyingi zimeendeshwa na watu kama mimi.

Fundi ndiye aliyenipa njia. Alisema nitafute BEAMS iliyotoka kwa RS200 ya otomatiki. Hiyo ilikuwa na farasi 200 badala ya 210, haina zile valvu za titani za yangu, na kompresheni yake ni 11.0 badala ya 11.5. Unaposema hivyo mtaani watu wanakunja sura. Lakini fikiria: hii injini iliundwa kwa petroli ya okteni ya juu ya Japani, kwa hivyo kompresheni ya chini kidogo si hasara kwa petroli yetu. Na gari la otomatiki mara nyingi liliendeshwa na mzee wa kwenda kanisani, hakuna mtu alikuwa anapiga mizunguko 7,600 akienda kununua maziwa. Unahamisha flaiwili na klachi ya mkono, unaweka beringi ndogo ya mwisho wa krankshafti, na giaboksi ya gia sita inarudi mahali pake.

Jumamosi tukaenda kutafuta, mimi, fundi na mathe. Sikumwalika. Alifunga duka akakuja, na nashukuru Mungu.

Yadi ya kwanza, injini ilikuwa imepigwa maji ya presha mpaka inang'aa. Muuzaji akasema imetoka Japani juzi tu. Fundi akaomba afungue kifuniko cha valvu. Muuzaji akasema, "Boss, hiyo imefungwa na kiwanda, ukifungua umenunua." Mathe akasema, "Kijana, mimi nauza nguo miaka kumi na minane. Bale ambalo halifunguliwi nanunua kwa bei ya bale. Wewe unaniuzia kwa bei ya kamera." Kwa wale hawajawahi kushinda Gikomba: kamera ni ile nguo ya kwanza kuchaguliwa bale likifunguka, safi, kama mpya. Mabaki ya mwisho yanaitwa fagia. Tukaondoka. Mimi ningelipa pale, sitawadanganya. Ilikuwa inang'aa.

Yadi ya tatu kulikuwa na moja chafu, vumbi tupu. Jamaa akasema fungua. Fundi akatoa kifuniko cha oili akaangalia kama kuna ugoro mweusi, hakuna. Akafungua kifuniko cha valvu, kemu zilikuwa na rangi ya asali, hazijachomeka. Akatoa plagi akazungusha kwa mkono, haikukwama popote. Akaweka betri na stata akapima kompresheni silinda moja moja, na zote nne zilikaribiana. Akaniambia, "Ikikuja zote chini kidogo ni umri. Moja ikianguka peke yake, kimbia." Mathe akaomba risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji. Jamaa akataka kuandika "spea za gari." Mathe akasimama pale mpaka ikaandikwa vizuri.

Hiyo risiti si mambo ya wazee. Namba ya injini iko kwa logbook. Ukibadilisha injini unatakiwa ujulishe NTSA, na kama huwezi kuonyesha ulipoitoa, siku moja utajieleza kwa polisi kuhusu injini ya gari la mtu mwingine. Na kampuni ya bima ikigundua injini iliyomo siyo iliyoandikwa, siku ya ajali utakuwa peke yako. Najua wengi wenu mna JZ ambazo kwa karatasi ni injini za lita 2. Siwahukumu. Nawauliza tu siku hiyo mtasema nini.

Injini yenyewe haikufika nusu ya zile pesa. Tukabadilisha vitu ambavyo ni rahisi ikiwa nje: mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za krankshafti, klachi mpya. Oili, filta, plagi. Na geji ndogo ya presha ya oili, nimeiweka pale nilipokuwa nimebandika stika. Siku tano gari ilikuwa inawaka.

Kuna beshte yangu, jina sitaji, ambaye alianza swopu ya 2JZ kabla yangu. Injini anayo, nzuri kabisa, ameshaipiga picha kila upande. Gari yake iko juu ya mawe mwaka wa pili sasa. Anasubiri giaboksi. Akipata giaboksi atasubiri propela. Kila nikimtembelea tunasimama hapo tunaangalia, tunaongea kuhusu farasi mia tano, halafu anapanda matatu kurudi nyumbani, nami najua bila mathe ningekuwa nimepanda naye.

Sisemi msitamani. Mimi bado natamani 1JZ, nikiona Chaser nasimama. Nasema tu mtu asinunue mstari wa kwanza kabla hajaandika mistari yote. Swopu bora ni ile unaweza kuimaliza, ukaiandikisha, na ukaiwasha Jumatatu asubuhi kwenda kazini. Ikiwa mistari yako ni kumi na una pesa za mistari kumi, wacha kusoma hapa, enda ununue JZ. Mimi nilikuwa na za mistari mitatu, na hazikuwa zangu.

Juzi saa kumi na moja asubuhi nilimpeleka mathe Gikomba, bale moja kwa buti, lingine kwa kiti cha nyuma. Alikuwa kimya mpaka Pangani. Halafu akauliza, "Umepima oili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Jana?" Nikasema leo.

Zilibaki pesa kidogo. Nilimrudishia akakataa. Amesema amesikia NITA wanatoa mitihani ya ufundi wa magari, mtu anapewa cheti kwa kazi anayoijua. Akasema hajasema kitu, ametaja tu. Bahasha iko juu ya kabati, chini ya daftari. Bado sijaamua.

Video ya BEAMS kutoka na BEAMS kuingia itatoka Ijumaa, na safari hii sijakata mwisho. Wewe gari yako ina mistari mingapi? Na kabla hujanijibu, enda upime oili.